Shoka la Kuazima

Jumanne moja asubuhi mama mmoja wa usharika wetu aliingia ofisini akiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa kadi yake ya ubatizo ya zamani, imechakaa hadi imeanza kuachia kwenye mikunjo. Ya pili ilikuwa cheti kipya cha ubatizo tulichomchapia wiki tatu kabla, kikiwa na mhuri wa usharika na saini yangu. Kadi ilisema alibatizwa tarehe 19 Aprili 1981. Cheti kilisema tarehe 26 Aprili 1981.

Mama huyu alikuwa akifuatilia cheti cha kuzaliwa. Watu wengi wa umri wake, ambao ni umri wangu pia, hawakuandikishwa walipozaliwa, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyowasaidia. Huko alikokwenda walimwomba karatasi inayosomeka, ndiyo maana alikuja kwetu. Alipoirudisha, mtumishi wa dirishani aliziweka karatasi zote mbili mbele yake, akamwuliza ni ipi aliyoigushi.

"Mchungaji," aliniambia, "mimi sikugushi kitu."

Nilifungua kabati nikatoa kitabu cha ubatizo cha miaka ile. Jina lake lilikuwepo, pamoja na majina ya wazazi na wasimamizi wake. Lakini mahali pa tarehe, mwinjilisti wa wakati ule, ambaye amekwisha kulala katika Bwana, aliandika tu "Pasaka 1981". Basi hiyo tarehe 26 ilitoka wapi? Ilitoka katika programu ya kompyuta tunayotumia kutunza vitabu vya usharika. Na sehemu ya programu ile inayogeuza neno "Pasaka" kuwa tarehe niliileta mimi. Jina langu liko pale mpaka leo.

Mpendwa msomaji, yanayofuata ni maungamo. Nimeona niyaandike kwa sababu naamini siko peke yangu, na kwa sababu jambo hili, ambalo wengi wanadhani ni la mafundi wa kompyuta tu, limenifundisha kuhusu kweli kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyaandaa.

Mimi ni mwalimu wa Agano la Kale katika chuo cha theolojia, na Jumapili nasaidia huduma katika usharika huu. Kompyuta si fani yangu. Miaka michache iliyopita nilianza kujifunza kuandika programu usiku, watoto wakishalala, nikavutwa na kikundi cha vijana Wakristo wanaotengeneza programu ya bure kwa ajili ya sharika. Programu hiyo inaingiza majina kutoka vitabu vya zamani, inachapa vyeti, na inapanga kalenda ya mwaka wa kanisa. Ni programu huria, maana yake msimbo wake, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata, uko wazi kwa kila mtu. Yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, na kuleta mchango wake. Anayeleta mchango huandika maelezo mafupi ya alichobadilisha, na jina lake hukaa hapo. Hakuna mchango unaopokewa kabla mwenzake hajaukagua.

Mkaguzi wetu ni binti mmoja mhandisi. Nilimfundisha kipaimara akiwa na miaka kumi na minne. Sasa yeye ndiye mwalimu na mimi ndiye mwanafunzi, ila mazoea ya kuniheshimu hayajamtoka. Mazoea hayo yana sehemu yake katika habari hii.

Vitabu vyetu vya zamani vimejaa maneno kama yale ya mwinjilisti wetu. Mmoja alibatizwa Pasaka, mwingine Kupaa kwa Bwana, mwingine Pentekoste, na sikukuu hizo zote huhama kila mwaka kwa kufuata Pasaka. Nikapendekeza programu ihesabu yenyewe. Wote wakafurahi, wakasema kazi hiyo ni ya Mchungaji, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua kalenda ya kanisa.

Usiku niliokaa kuifanya nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Nilifungua programu ya akili mnemba, nikaiandikia ninachotaka, na kabla chai haijapoa nilikuwa na msimbo kamili. Ulipendeza. Kila hatua ilikuwa na maelezo yake, na yote yalisomeka kama ya mtu anayejua anachofanya. Nilijaribu miaka kuanzia 2000 hadi 2040, nikalinganisha na kalenda, na kila mwaka tarehe ilikuwa sahihi. Nikautuma kwa jina langu na maelezo ya mstari mmoja: nimeongeza hesabu ya Pasaka.

Mtu angenishtaki kwa maneno yale asingepata uongo hata mmoja. Ni kweli niliongeza. Ni kweli ilikuwa hesabu ya Pasaka. Katekisimu yetu inaihesabu amri inayokataza ushuhuda wa uongo kuwa ya nane, na mimi nimeifundisha kwa miaka mingi nikiwaonya vijana juu ya kumsingizia jirani. Sikuwahi kuwaambia kwamba mtu anaweza kushuhudia uongo kwa kunyamaza mahali ambapo jirani yake anamtegemea aseme.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kanisa linaadhimisha Pasaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira yale, mwezi unaohesabiwa kwa jedwali kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Pasaka haiwezi kuja kabla ya tarehe 22 Machi, wala haiwezi kupita tarehe 25 Aprili. Mwaka 1800 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alitoa kanuni fupi ya kuipata tarehe hiyo kwa kugawanya mwaka na kuchukua masalio. Kanuni hiyo ina hali mbili za pekee ambazo lazima zirekebishwe kwa kurudisha tarehe nyuma wiki moja. Ukiziacha, karibu miaka yote inatoka sawa. Lakini mwaka 1954 inakupa tarehe 25 Aprili badala ya 18, na mwaka 1981 inakupa 26 badala ya 19. Baada ya hapo hutaona kosa tena mpaka mwaka 2049, na kisha 2076.

Msimbo niliopewa uliziacha hali hizo mbili. Miaka niliyoijaribu yote iko kati ya 1981 na 2049.

Sasa angalia aibu yangu ilipo. Kwamba Pasaka haipiti tarehe 25 Aprili ni jambo ninalolijua. Nimewafundisha wanafunzi wangu. Mtu yeyote angeniambia mdomoni kwamba Pasaka ya 1981 ilikuwa tarehe 26 Aprili ningemkatalia palepale. Lakini cheti chenye tarehe hiyo kilipita mbele ya macho yangu, nikakitia saini na mhuri. Sikuwa nimeusoma msimbo nilioutuma, na sikusoma cheti nilichosaini. Mashine ilikosea hesabu. Kutia saini ilikuwa kazi yangu.

Jioni ile niliandika kwenye mradi kwamba kuna kosa katika hesabu ya Pasaka. Sikueleza zaidi. Baada ya nusu saa simu iliita.

"Shikamoo, Baba Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeona taarifa yako. Hii kanuni uliitoa kitabu gani? Nataka nifungue ukurasa uleule nione tumeruka nini."

Nilinyamaza. Kitabu hakikuwepo. Na katika zile sekunde chache niliona jinsi ambavyo ningeweza kujiokoa. Ningesema nimeisahau. Ningesema niliipata mtandaoni, jambo ambalo lina chembe ya ukweli. Ningerekebisha usiku uleule na hakuna ambaye angeuliza tena. Lakini wiki ileile, chuoni, nilikuwa nimekaa na mwanafunzi wetu mmoja aliyeleta insha ya Amosi ambayo sehemu kubwa iliandikwa na programu kama ileile niliyoitumia mimi. Nilipombana alisema, "Mwalimu, hakuna aliyeniuliza." Nikamjibu, "Ungesema tu." Tulimrudishia kazi aiandike upya. Maneno hayo mawili yalikuwa bado ya moto kinywani mwangu, na sasa yalikuwa yamenigeukia.

Nikamwambia binti yule yote. Akakaa kimya, kisha akasema, "Ningejua, nisingeikagua vile."

"Ungeikataa?"

"Hapana, Baba. Ningeikagua kwa namna nyingine. Nilipoona jina lako nilijua umekaa na vitabu vyako vya kalenda. Kwa hiyo mimi nilitazama tu kama programu inakwenda na kama haiharibu sehemu nyingine. Upande wa hesabu nilikuachia wewe."

Na mimi, msomaji, upande wa hesabu nilikuwa nimeiachia mashine. Basi kila mmoja alimwachia mwenzake, na kwa kweli hakuna binadamu aliyekuwa ameisoma kazi ile. Kati yetu kulikuwa na nafasi tupu, na nafasi ile ilifunikwa na jina langu.

Binti alinieleza jambo ambalo sikulijua. Mtu asiyejua kazi akiandika msimbo mbaya, ubaya unaonekana. Anajikwaa, anarudia, anaacha alama za wasiwasi wake, na mkaguzi anajua aangalie wapi. Kazi ya akili mnemba huja imepigwa pasi. Pale palipo sahihi na pale palipo na kosa pamevaa nguo zilezile. Ndiyo maana mkaguzi anahitaji kuambiwa, ili ajue kwamba unadhifu huo haumaanishi kuna mtu aliyefikiri. Kutaja chombo ulichotumia ni kumwonyesha mwenzako mahali pa kutazama.

Hapo ndipo nilipokumbuka habari iliyomo katika 2 Wafalme sura ya 6, habari ninayoifundisha kila mwaka bila kuona kwamba inanihusu. Wana wa manabii waliona mahali wanapokaa na Elisha pamekuwa padogo, wakaenda Yordani kukata miti ili wajenge. Kwa maneno yetu tungesema ni wanafunzi wa chuo cha theolojia wanaojenga bweni. Mmoja alipokuwa akikata, chuma cha shoka kilichomoka kikazama majini. Alichokilia ni kwamba shoka lile lilikuwa la kuazima. Elisha hakumgombeza kwa kuazima. Alimwuliza ni wapi kilipoangukia. Yule kijana akamwonyesha mahali, na ndipo chuma kikaelea.

Zamani nilihubiri muujiza tu. Sasa namwona yule kijana. Angeweza kunyamaza. Angeweza kurudi na mpini mtupu na kusema shoka limekatika. Lakini alisema mambo mawili: kwamba chombo si chake, na kwamba kilizama hapa. Kwa mambo hayo mawili alisaidiwa. Kuazima shoka hakukuwa dhambi, kwani miti ilihitajika na yeye hakuwa na shoka. Lakini asingeonyesha mahali, hata nabii angekuwa anatupa kijiti kwa kubahatisha.

Nilipoanza kufuatilia nikaona kwamba waandishi wa programu huria duniani wamelihangaikia jambo hili kuliko nilivyodhani. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM, ikidai kwamba msimbo ambao ni mali yake umeingizwa katika Linux. Mwaka uliofuata Linus Torvalds na wenzake waliweka utaratibu kwamba kila anayeleta mchango katika Linux aweke mstari wenye jina lake, akithibitisha kwamba ana haki ya kuutoa. Saini hiyo inasema, najua kitu hiki kimetoka wapi. Akili mnemba ilipokuja, swali likawa gumu zaidi, kwa maana mashine imejifunza kutokana na kazi za watu wengi mno, na anayeitumia hawezi kuelekeza kidole kwa mwenye mali.

Miradi haikujibu kwa namna moja. Baraza la Gentoo liliamua mwezi Aprili 2024 kutopokea kabisa michango iliyotengenezwa kwa vyombo hivyo. Fedora, mwezi Oktoba 2025, iliruhusu, ila kwa sharti kwamba mchangiaji awe wazi kuhusu chombo kilipomsaidia kwa kiasi kikubwa, na awajibike kwa kila anacholeta kama kazi yake mwenyewe. Na miongozo ya Linux sasa inasema wazi kwamba akili mnemba hairuhusiwi kutia ile saini. Chombo kitajwe katika mstari wake kama msaidizi, na mtu atie saini katika mstari mwingine kama mwenye dhamana.

Niliposoma habari ya mistari hiyo miwili nilifungua Agano Jipya. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, naye anajitaja katika sura ya 16 na kuwasalimu wasomaji. Paulo hakumficha, wala waraka haukupungukiwa neno kwa sababu ya Tertio kujulikana. Lakini katika waraka kwa Filemoni, pale linapokuja suala la deni, Paulo anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye atalipa. Msaidizi ametajwa, na mwenye kulipa ametia saini. Walikuwa na mistari miwili tangu mwanzo.

Tofauti ni kwamba Tertio alikuwa mtu, aliyeweza kumwuliza Paulo, "Je, hapa ulimaanisha hivi?" Chombo nilichotumia mimi hakiwezi kulipa deni, wala hakiwezi kumwendea mama yule kumwomba radhi. Ndiyo maana mstari wa saini hauwezi kuwa wake.

Nimezungumza na vijana wengi tangu wakati ule, na wapo wanaonipinga kwa hoja nzuri. Mmoja aliniuliza kwa nini nitaje akili mnemba na nisitaje kamusi, au ile programu inayonisahihishia tahajia. Msimbo, alisema, uhukumiwe kwa ulivyo. Ukiwa mzuri ni mzuri, ukiwa mbaya ni mbaya, nani aliyeuandika si hoja. Nakubali kwamba mkulima halazimiki kutangaza jembe lake. Lakini jembe halichagui mahali pa kulima. Kamusi ilinisaidia kuliandika neno nililolifikiri, na chombo kile kilifikiri mahali pangu. Naona mpaka uko hapo. Kama mwenzangu, akijua nilivyofanya, angenikagua kwa namna tofauti, basi ana haki ya kujua. Na hoja ya kuhukumu msimbo kwa ulivyo ingekuwa na nguvu kama wakaguzi wangekuwa na muda usio na mwisho. Hawana. Ni watu wanaojitolea usiku baada ya kazi zao, na wanakagua kwa kuaminiana. Anayeficha anatumia imani ya wengine kama mtu anayechota kwenye kapu la sadaka.

Hoja ya pili ilinichoma zaidi. Dada mmoja alisema, "Mchungaji, anayesema ukweli anadharauliwa. Ukishaandika kwamba ulisaidiwa na mashine, hakuna anayesoma kazi yako tena. Wanaonyamaza ndio wanaopita." Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu niliona mara ile kwamba ndivyo tulivyo na kanisani. Tunafundisha maungamo, kisha anayeungama mbele ya watu tunamtazama kwa jicho la pembeni miaka kumi. Tukifanya hivyo tunawafundisha wengine kuficha vizuri zaidi. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo, alifundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: mtu kuikiri dhambi yake, na kupokea ondoleo. Sehemu ya pili ni kazi ya anayesikiliza. Anayedai wenzake waseme ukweli ana wajibu wa kuupokea ukweli huo bila kuugeuza fimbo.

Binti wetu aliupokea hivyo. Hakunicheka wala kunitangaza. Aliniuliza tu, "Baba, kuna nyingine?" Nilihesabu. Katika michango yangu kumi na moja, minne niliifanya kwa chombo kile bila kusema. Tulikaa Jumamosi mbili tukaipitia. Miwili ilikuwa sawa. Wa tatu ndio huo wa Pasaka. Wa nne ulikuwa unafanya kazi, lakini mlikuwa na mistari ambayo si mimi wala yeye aliyeweza kueleza kwa nini iko pale. Tuliufuta, nikauandika upya kwa mkono, kwa shida na polepole. Katika maelezo ya kila mmoja niliongeza mstari unaosema chombo gani kilitumika na kwa sehemu ipi. Katika ule wa Pasaka niliandika pia kwamba sikuusoma kabla ya kuutuma. Kuandika sentensi hiyo kulinichukua muda mrefu kuliko msimbo wote.

Chuoni nilimwita yule mwanafunzi, nikamsimulia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza kwa adabu, "Na wewe, Mwalimu, ulirudia kazi?" Nikamwambia nilirudia. Tukacheka, na nadhani tangu siku hiyo amekuwa akiniambia ukweli zaidi kuliko wanafunzi wenzake.

Kwa mama yule nilikwenda nyumbani mwenyewe pamoja na mzee wa kanisa. Nilimpelekea cheti kipya chenye tarehe 19 Aprili 1981, pamoja na barua yenye mhuri inayoeleza kwamba kosa lilikuwa la usharika na kwamba yeye hakugushi kitu. Nikamwomba radhi. Nilidhani angezungumzia nauli aliyopoteza au aibu ya pale dirishani. Alizungumzia mama yake.

"Marehemu mama ndiye aliyeniandikia ile kadi," alisema. "Mulipoleta karatasi ya kompyuta, nikasema basi mama alikosea. Usiku nikawa nafikiri, kama ingekuwa tarehe 26 mama angesema ilikuwa sikukuu ya Muungano. Hakuwahi kusema hivyo. Lakini nilimtilia shaka, Mchungaji. Kwa ajili ya karatasi yenu, nilimtilia shaka mama yangu."

Sikuwa na neno. Tuliomba pamoja, tukanywa chai, tukaondoka.

Tarehe ya cheti imerekebishwa, na hali mbili za pekee zimo katika programu, zimejaribiwa kwa miaka ya 1954, 1981, 2049 na 2076. Lakini zile wiki ambazo mwanamke mmoja alilala akidhani mama yake alikosea siwezi kuzirudisha. Nimezikabidhi kwa Mungu, anayesamehe.

Bado natumia akili mnemba. Sikutupa shoka, kwa maana miti bado inahitajika na mimi bado si fundi. Ila sasa kila mchango wangu una mistari miwili. Wa kwanza unasema niliazima nini, na mahali gani nilikitumia. Wa pili una jina langu, na siuandiki mpaka niwe nimesoma kila neno lililo juu yake. Kazi yangu imekuwa ya polepole. Kuna usiku naufunga bila kutuma chochote.

Ndugu yangu unayesoma, labda wewe huandiki programu. Labda unaandika taarifa ya idara, mahubiri ya Jumapili, au barua ya kuombea mtu kazi, na chombo hicho kiko simuni mwako kikisubiri. Kitumie ukiona vema. Lakini yupo mtu atakayeipokea kazi hiyo kwa sababu ni wewe, na hataikagua kwa sababu ni wewe. Mwambie. Na wewe unayeambiwa, muulize kwa upole kilipoangukia, kisha mkaitafute pamoja.